Namna ya Kuunda na Kudumisha Kundi la Muziki wa Asili Mseto Arusha na Moshi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanamuziki wa Arusha na Moshi wanaotaka kuunganisha nyimbo na ala za makabila mbalimbali, pamoja na gitaa, besi au vyombo vingine vya kisasa, na wanaotaka kundi lao lidumu badala ya kusambaratika baada ya msimu mmoja wa watalii. Miji hii miwili ina neema ambayo miji mingi ya Tanzania haina. Wamasai, Waarusha, Wameru na Wachaga wako nyumbani. Wapare, Wairaqw, Warangi, Wagogo na Wasukuma wamehamia kwa wingi. Wageni wa mbuga na wa mlima hawakauki isipokuwa wakati wa masika. Na mikutano ya kimataifa huleta wajumbe wanaotaka burudani ya jioni. Hata hivyo, neema hiyo hiyo ndiyo inayodumaza makundi mengi, kwa kuwa soko la hoteli hununua kwa haraka chochote chenye shanga na ngoma, na kundi linaweza kujipatia riziki kwa miaka kadhaa bila kuwa na wimbo hata mmoja linaloweza kuuita wake.

Kila wimbo na mwenyeji wake

Makundi mengi ya mseto huanza kwa kuorodhesha ala zilizopo, yaani ngoma za Kisukuma, zeze, gitaa, sauti ya Kimasai, kisha hutafuta wimbo ambamo kila mmoja atapata nafasi. Huo ni mwanzo mbaya. Njia iliyo bora ni kuamua, kwa kila wimbo peke yake, ni mapokeo yapi yaliyo mwenyeji na yapi yaliyo mgeni. Mwenyeji ndiye anayeamua ngazi ya sauti, mwendo, lugha, na namna ya kuanza na kumaliza. Mgeni anakaribishwa vizuri, lakini hahamishi samani za nyumba. Katika wimbo unaofuata nafasi hizo zinaweza kubadilishwa, na kwa hakika ni lazima zibadilishwe, la sivyo kundi litakuwa bendi ya kabila moja yenye wasindikizaji.

Chukua mfano wa wimbo wa Kimasai. Muziki wa Wamasai kwa asili ni wa sauti za watu na hauhitaji ngoma: kiongozi wa wimbo, anayeitwa olaranyani, hutoa shairi, na kundi humjibu kwa kiitikio na kwa mivumo mizito ya kooni ambayo ndiyo inayobeba mapigo. Mpiga ngoma anayeingia tangu ubeti wa kwanza anafanya kazi ambayo tayari inafanywa, tena anaifunika. Mwacheni olaranyani aanze peke yake, kiitikio kikae sawasawa, mivumo ya koo isikike vizuri kwa hadhira, na hapo ndipo gitaa la besi liingie taratibu likifuata mvumo ule ule wa chini. Ngoma, ikiwa itahitajika kabisa, ije mwishoni. Mpiga ngoma atanung'unika kwamba amekaa bila kazi kwa dakika tatu, na jibu ni kwamba wimbo wake unakuja.

Arusha ina mfano wake wa jambo hili katika rekodi za umma. X Plastaz, kundi la hip hop la jijini hapa, lilimweka mwimbaji wa Kimasai, Yamat ole Meipuko, kuwa mwanachama kamili aliyesimama sawa na wachanaji, na albamu yao ya mwaka 2004, iliyotolewa na kampuni ya Out Here Records ya Ujerumani, iliitwa kwa jina la mchanganyiko huo huo, yaani hip hop ya Kimasai. Mfano mwingine ni wa Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, ambaye alirekodi na kampuni ya Real World ya mwanamuziki wa Uingereza, Peter Gabriel. Katika albamu ya Assembly ya mwaka 2002, aliyoifanya na mpiga gitaa Michael Brook, vyombo vya kielektroniki ni vingi, lakini sauti ya mzee na ilimba yake, yaani marimba ya vidole, ndizo zinazoshika usukani. Atakayezisikiliza kazi hizo mbili kwa makini atajifunza mengi kuhusu nafasi ya mgeni na mwenyeji kuliko katika semina nyingi.

Uamuzi huo uandikwe. Kila wimbo uwe na karatasi yake inayosema mwenyeji ni nani, nani anaanza, nani anaingia lini, na nani ana mamlaka ya kusema kwamba jambo fulani limeharibu wimbo. Mwenye mamlaka hayo awe mtu wa mapokeo yenyewe, hata kama ndiye mwenye umri mdogo au asiyejua kusoma nota.

Watu na ruhusa

Ni afadhali kuanza na watu watano wanaozimudu ala zao kuliko kumi na wawili wanaojaribu. Wapigaji wapo karibu kuliko inavyodhaniwa: katika kwaya za makanisa, katika vikundi vya utalii wa kitamaduni vya Mto wa Mbu na vijiji vya mlimani, miongoni mwa wahitimu wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo waliorudi nyumbani, na katika Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira pale Usa River, ambako muziki hufundishwa hadi ngazi ya shahada. Usitafute mtu anayeweza kupiga kila kitu. Tafuta anayejua jambo moja hadi chini kabisa na asiyeona haya kuuliza kuhusu mengine.

Mapokeo mengi yana mgawanyo wa nani hupiga nini. Miongoni mwa Wagogo, ngoma za muheme, zile zilizobana kiunoni na ambazo hushikwa katikati ya mapaja, ni za wanawake. Miongoni mwa Wamasai kuna nyimbo za morani na nyimbo za akina mama, na si adabu kuzichanganya bila kuuliza. Kundi linaweza kuamua kubadili desturi jukwaani, kwani desturi nazo hubadilika, na ukoo wa Zawose wenyewe umeonyesha hivyo: wanawake waliozoeleka kuwa waitikiaji nyuma ya wanaume walitoa albamu yao, Maisha, mwaka 2024 kwa jina la The Zawose Queens. Mabadiliko hayo, hata hivyo, yalifanywa na wenye mapokeo. Kundi la mjini linalotaka kufanya hivyo liende kwa wazee kwanza, liwaimbie, na liwe tayari kuambiwa kwamba wimbo fulani wa jando au wa msiba hauendi jukwaani. Nyimbo za Wachaga zina tahadhari yake ya ziada, nayo ni lugha: Kichaga cha Rombo si cha Machame, na cha Machame si cha Marangu, hivyo mashairi yakaguliwe na mtu wa upande ule ule wimbo ulikotoka. Hadhira ya Moshi husamehe mambo mengi, lakini matamshi mabaya ya Kichaga huyacheka kwa sauti.

Jambo hili lina upande wa kisheria pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za kimapokeo na matumizi yake ya kibiashara, hivyo kundi linalokusudia kurekodi na kuuza nyimbo za jadi lijadili suala hilo na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, kabla ya kuingia studio.

Sauti zisizolingana

Ugumu mkubwa wa muziki wa mseto uko hapa, na watu wengi huupuuza kwa sababu hausikiki wakati wa shangwe bali husikika katika rekodi. Ilimba, marimba ya vidole ya Wagogo, haikutengenezwa kufuata kinanda. Baadhi ya sauti zake huangukia katikati ya vidude viwili vya kinanda, na hizo ndizo zinazoupa muziki wa Kigogo ladha yake. Mpiga gitaa anapoambatanisha kodi zake za kawaida, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, masikio ya msikilizaji humwambia kwamba mmoja wa wawili hawa amekosea, na kwa bahati mbaya lawama huiangukia ilimba.

Kuna njia tatu za kulikabili jambo hili. Ya kwanza ni kusogeza ndimi za chuma za ilimba, kwani ulimi ukifupishwa sauti hupanda na ukirefushwa hushuka, mpaka zilingane na gitaa. Njia hii ni rahisi, na ni mbaya ikiwa ilimba ndiyo mwenyeji wa wimbo. Ya pili ni kuwa na ilimba mbili, moja ya asili na nyingine iliyolinganishwa na vyombo vya kisasa, na kuzitumia katika nyimbo tofauti. Hii inafaa, ingawa mzigo unaongezeka. Ya tatu, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa nyimbo za Kigogo zenyewe, ni kumwelekeza mpiga gitaa aache kodi na apige nyuzi chache zinazovuma kwenye sauti ya msingi, akizikwepa kabisa zile sauti zenye mgogoro, huku zeze au fidla, ambazo hazina vizuizi shingoni, zikifuata ilimba kwa sikio. Mpiga gitaa mzuri huelewa baada ya wiki mbili. Mpiga gitaa anayeona kwamba ameshushwa hadhi hatakufaa.

Olaranyani naye ana tatizo la namna yake: haanzi wimbo kwenye sauti ile ile kila siku. Mrekodi kwa simu katika mazoezi kadhaa ya siku mbalimbali, asubuhi na jioni, kisha tazama sauti anayorudia zaidi, na upange vyombo vingine kwenye sauti hiyo. Mpiga gitaa awe na kapo mfukoni, kile kibanio cha shingo ya gitaa kinachopandisha sauti ya nyuzi zote. Jukwaani, mpe olaranyani sauti ya kuanzia kwa uzi mmoja unaopigwa polepole kabla ya wimbo, na kamwe usimkatize akianza juu kidogo; besi na gitaa vinaweza kunyamaza ubeti mzima, yeye hawezi.

Ngoma za ngozi zina tabia zake. Katika baridi ya Juni na Julai, na katika unyevu wa masika, ngozi hulegea na sauti hushuka. Ngoma ikiwekwa juani au karibu na moto wa taratibu kabla ya onyesho hukaza. Likumbukwe lakini kwamba taa kali za jukwaani huendelea kuikaza, hivyo ngoma iliyopatanishwa kikamilifu nyuma ya jukwaa itakuwa juu mno ifikapo wimbo wa nne.

Kuhusu mapigo nitasema kidogo tu. Ngoma nyingi za Tanzania huweka mafungu ya tatu juu ya mafungu ya mbili kwa wakati mmoja, na mpiga dramu aliyefunzwa na kwaya au bongo fleva huyasikia kuwa upande mmoja pekee. Asianze na dramu. Acheze kwanza ngoma hiyo kwa miguu, apige makofi pamoja na waitikiaji, na arudi kwenye dramu pale mwili wake utakapoacha kuhesabu.

Katiba, usajili na mgawanyo wa fedha

Usajili haupaswi kuchukua nguvu nyingi. Andaeni katiba fupi, pitieni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yenu, kisha sajilini kundi BASATA, na kazi zenu zisajiliwe COSOTA, ambayo ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Kundi likianza kupata mikataba ya hoteli na taasisi, namba ya mlipakodi itadaiwa, na mlipaji anaweza kukata kodi ya zuio. Dai risiti ya makato hayo kila mara.

Fedha ndizo zinazohitaji muda. Kundi la mseto lina hatari ya pekee, kwamba mwenye gitaa, Kiingereza na barua pepe hugeuka kuwa mwenye kundi, na mzee wa zeze hugeuka kuwa kibarua wake. Mgawanyo uandikwe kabla ya malipo ya kwanza. Tuseme hoteli imelipa shilingi 1,200,000. Ondoeni kwanza usafiri na chakula, tuseme 200,000, zinabaki 1,000,000. Asilimia 20, yaani 200,000, iende mfuko wa kundi kwa ajili ya ngozi, nyuzi, mavazi na hati za kusafiria, na 800,000 zilizobaki zigawanywe sawa kwa wanane waliopanda jukwaani, kila mmoja 100,000. Anayetafuta kazi na kusimamia mikataba anaweza kulipwa asilimia yake, mradi iwe imeandikwa na wote wanaijua. Akaunti ya kundi iwe na watia saini watatu, na malipo ya simu yapokelewe kwa lipa namba ya kundi badala ya simu ya mtu.

Haki za utunzi zitenganishwe na malipo ya jukwaani. Kwa kila wimbo andikeni ni kipi kilichotoka katika mapokeo na ya wapi, nani alitunga maneno mapya, nani alipanga muziki. Afrika Mashariki imeshuhudia mzozo wa miongo mingi kuhusu nani hasa aliutunga wimbo wa Malaika, kati ya Fadhili William wa Kenya na Adam Salim wa Tanzania, na mzozo huo ulikosa kitu kimoja ambacho ninyi mnaweza kukiandaa kwa nusu saa: karatasi iliyotiwa saini siku wimbo ulipokamilika.

Kuishi kwa soko la nyumbani

Kalenda ya kazi hapa ni ya mbuga na mlima. Msimu mkubwa huanza Juni hadi Oktoba, hurudi Desemba hadi Februari, na hufifia Aprili na Mei. Kwa hiyo Aprili na Mei ziwe miezi ya kutunga, kurekodi na kutengeneza ala, na bajeti ya kundi ipangwe kwa kujua kwamba miezi hiyo haina hoteli. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, Kilimanjaro Marathon huijaza Moshi wageni kutoka kila upande, na nyumba za wageni hutafuta burudani wiki nzima. Arusha ina Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC, na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kazi za mikutano hulipa vizuri kuliko za hoteli, ila hulipa kwa kuchelewa, na mara nyingi hudai ankara na namba ya mlipakodi kabla ya lolote.

Hoteli na kambi za watalii hupenda dakika 20 za kuruka na kushangilia wakati wageni wakila. Hakuna aibu kuikubali kazi hiyo, kwa sababu inalipa nauli za mazoezi. Kinachofaa ni kuwa na maonyesho mawili yaliyotenganishwa: fupi la chakula cha jioni, lisilo na mitambo mikubwa, na kamili la saa moja na nusu ambalo halichezwi wakati watu wanakula. Onyesho kamili liwe na bei yake, na lisishushwe hadi bei ya lile fupi hata kwa rafiki wa meneja. Pia msikubali kumvika shuka ya Kimasai mwanachama ambaye si Mmasai kwa sababu tu meneja anaona picha zitapendeza. Mgeni hatajua, lakini wahudumu wote wa hoteli watajua, na wao ndio wanaoeneza jina la kundi mjini.

Mkataba, hata wa ukurasa mmoja, utaje tarehe, muda wa kupanda na kushuka, nani analeta spika na maiki, chakula, usafiri wa kurudi usiku, na malipo ya awali, ambayo nashauri yasipungue nusu. Andaeni pia orodha ya mahitaji ya jukwaa yenye mchoro unaoonyesha kila mtu anakaa wapi na maiki ipi inamhusu. Ilimba na zeze zinahitaji maiki ndogo ya kubandika, kwa kuwa maiki ya mbali itabeba ngoma zote kabla ya kuipata sauti yao. Mafundi mitambo wengi hapa wamezoea muziki wa kurekodiwa na wasanii wawili wenye maiki za mkononi, hivyo mfikie mapema, umweleze kwa upole, na umwombe asipandishe besi kwenye maiki za waimbaji wa Kimasai, maana mivumo ya koo ikigeuka ngurumo haina maana tena. Umeme ukikatika, na utakatika, kundi liwe na nyimbo tatu ambazo zinaweza kuendelea bila mitambo. Hadhira hulikumbuka onyesho la namna hiyo.

Kurekodi

Studio nyingi za mjini zimejengwa kwa ajili ya bongo fleva: chumba kidogo, mtu mmoja baada ya mwingine, mapigo ya kompyuta masikioni. Utaratibu huo hauufai muziki wa kuitikiana, kwa sababu kiongozi hutunga papo hapo kulingana na anavyojibiwa. Tafuteni ukumbi wenye dari la mbao au darasa kubwa mbali na barabara kuu, rekodini pamoja mkiwa mmekaa nusu duara, na muwatenganishe wapiga ngoma kwa umbali badala ya kuta. Anza alfajiri, kabla ya malori na bodaboda. Rekodini kila wimbo mara nyingi, msifanye ukarabati wa sauti wa kompyuta kwenye ilimba wala kwa olaranyani, kwani programu hizo hudhani kila sauti iliyo kati ya vidude vya kinanda ni kosa. Kabla ya kupeleka nyimbo kwenye majukwaa ya intaneti, jazeni majina ya watunzi, wapigaji na chimbuko la wimbo, kwa tahajia ile ile iliyoko kwenye usajili wa COSOTA.

Matamasha na safari za nje

Ngazi ya kwanza ya kupanda ni ya hapa nchini. Sauti za Busara hufanyika Ngome Kongwe, Zanzibar, mwezi Februari, na sharti lake kuu ni muziki unaopigwa moja kwa moja jukwaani, hivyo kundi linalotegemea pleibeki lisijisumbue kuomba. Bagamoyo nako kuna tamasha la kimataifa linaloandaliwa na taasisi ya sanaa ya hapo. Maombi hufungwa miezi mingi kabla ya tamasha, na kinachohukumiwa ni video ya onyesho halisi: kamera moja iliyotulia, sauti safi, nyimbo tatu zisizokatwa. Video ya mandhari ya Mlima Meru yenye picha za drone haimsaidii anayetaka kujua kama kundi linaweza kushika jukwaa kwa dakika 50. Isisahaulike kwamba matamasha si mshahara. Sauti za Busara yenyewe haikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha.

Nje ya nchi kuna masoko ambako waandaaji hukutana kuchagua makundi, kama WOMEX, ambayo hufanyika Ulaya kila Oktoba, na Visa for Music ya Rabat, Morocco. Kundi lisiende huko kwa gharama zake zote likitarajia bahati. Kwanza pata waandaaji wawili au watatu wanaokubali kulipa maonyesho katika wiki hiyo hiyo, ili tiketi zigawanywe. Mwaliko mmoja pekee, hata uwe wa jina kubwa, huacha deni.

Hati zina foleni yake. BASATA hutoa kibali kwa wasanii wanaokwenda kufanya maonyesho nje. Maombi ya viza ya Schengen, ile inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15, na kwa kuwa kila mtu hutoa alama za vidole na balozi ziko Dar es Salaam, watu wanane watasafiri zaidi ya kilomita 600 kutoka Arusha, pengine zaidi ya mara moja. Gharama hiyo iingizwe kwenye makubaliano na mwandaaji tangu barua ya kwanza. Muulizeni pia kuhusu kodi ya wasanii wa kigeni katika nchi yake, na mtake kiwango cha malipo kitajwe baada ya kodi.

Mizigo huleta balaa ambayo makundi ya asili hayaitegemei. Ngozi ya mbega iliyokuwa pambo la wachezaji wa Kichaga, ngozi ya kenge kwenye zeze, pembe ya tandala inayopulizwa katika sherehe za Wamasai, vyote ni nyara kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwa navyo bila kibali ni kosa hapa hapa nyumbani, sembuse uwanja wa ndege. Mbega na kenge wamo pia katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ngoma za safari ziwambwe kwa ngozi ya mbuzi au ng'ombe iliyokauka na kusafishwa vizuri, isiyo na manyoya wala harufu, na hata hizo Australia na New Zealand huzikagua kwa ukali. Mpingo uko katika orodha ya CITES tangu mwaka 2017, ingawa ala za muziki zilizokamilika zilisamehewa mwaka 2019. Pigeni picha kila ala, tengenezeni orodha yenye thamani yake, na iwekwe muhuri na forodha mnapotoka, ili mnaporudi msidaiwe ushuru wa kitu kilichotengenezwa Usa River.

Mwanachama anapoondoka

Kundi linalodumu litapoteza watu: mmoja ataajiriwa kambini Serengeti, mwingine ataoa na kuhamia Singida, mwingine atachukuliwa na bendi ya mgeni aliyewasikia tamashani. Katiba iseme mapema kwamba anayeondoka anaendelea kulipwa sehemu yake ya mapato ya rekodi alizoshiriki, na kwamba jina la kundi hubaki kwa waliobaki. Aondokapo mtu wa mapokeo, nyimbo ambazo yeye alikuwa mwenyeji wake zisimamishwe hadi apatikane mwenye asili au ujuzi huo. Msimpe mpiga gitaa kazi ya kumwigiza. Kwa sababu hiyo kila mwenye ala awe na mwanafunzi ndani ya kundi tangu mwaka wa pili, anayelipwa nauli na posho kutoka mfuko wa kundi, na kila ilimba iwe na rekodi ya simu ya ndimi zake moja baada ya nyingine, ikihifadhiwa mahali pawili, ili ikivunjika safarini fundi aweze kutengeneza nyingine yenye sauti zile zile.